Orodha ya Wasioweza Kukimbia

Miaka ile miwa ilikuwa imetupanda kichwani. Upande wetu wa Kabras watu waling'oa migomba, waling'oa mihogo, na mama mmoja ninayemjua vizuri aling'oa hata maua yaliyokuwa chini ya dirisha lake, yote ili apate nafasi ya mstari mmoja zaidi. Ukifungua mlango asubuhi, jani la miwa linakukwaruza shavu. Mtu akipita barabarani hakuona nyumba. Aliona moshi wa jiko ukitoka katikati ya kijani, akajua hapo kuna watu. Na sisi hatukuona ubaya wowote. Watoto walikuwa wamevaa viatu, mabati mapya yaling'aa kila mahali, na trela zikipita kuelekea kiwanda cha sukari cha Mumias tulizitazama kwa raha, ingawa vumbi lake liliingia hadi kwenye sufuria ya mboga.

Mimi nilikuwa nimeolewa huko mwaka wa tatu, na mtoto sijapata. Mume wangu alifanya kazi ya zamu kiwandani, akija nyumbani siku moja moja. Bomani tulibaki watatu: mimi, mama mkwe, na baba mkwe, ambaye kiharusi kilikuwa kimemwangusha shambani, kikamchukua upande wote wa kulia na nusu ya ulimi. Alikuwa mtu mkubwa, mzito, aliyezoea kubeba magogo peke yake. Sasa aliegemea bega la mama mkwe, akiburuta mguu kutoka kitandani hadi kitini, na mama mkwe akimgombeza njia nzima ili mzee asimwone akilia.

Mimi sikumgusa. Kwetu mke wa mtoto hamgusi baba wa mumewe. Hampi mkono, hakalii kiti chake, haingii chumba anacholala. Nikimpelekea chai nilikuwa naweka kikombe mezani, narudi nyuma hatua tatu, ndipo anyooshe mkono wake wa kushoto. Haikuwa dharau. Ilikuwa heshima, tena tuliishika sote wawili kwa bidii, na kwa miaka hiyo yote hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu na hali ya mvua.

Kisha kiangazi kimoja moto wa miwa ukala maboma matatu katika kijiji cha jirani. Watu walikimbia, wakaokoka, isipokuwa bibi mmoja asiyeona. Kila mtu wa boma lake alidhani mwenzake ndiye aliyemtoa.

Haukupita muda, chifu akarudi kutoka mkutano wa wilaya huko Kakamega mjini na agizo: kila kijiji kiwe na mpango wake wa dharura, si wa maneno, wa maandishi. Chifu akampa naibu wake, naibu akawapa maliguru. Liguru kwetu ni mzee wa kijiji, mkono wa mwisho kabisa wa serikali, hana ofisi wala kiti cha kuzunguka. Wetu alikuwa na baiskeli na koti la mvua alilolivaa hata jua likichoma. Alikuja moja kwa moja hadi mahali nilipokuwa nafua.

"Bibi yetu," akasema, maana ndivyo walivyotuita sisi tuliokuja kuolewa, "wewe umesoma. Mwandiko wangu mimi mwenyewe nashindwanga kuusoma."

Nikamwambia serikali ina makarani wake. Nilisema vibaya, kwa mdomo uliovutwa, na bado naona haya. Yeye akacheka, akageuza ndoo yangu juu chini, akaikalia, akangoja nimalize kufua. Hapo nikajua sina pa kukimbilia.

Mpango wake ulikuwa na mambo matatu. La kwanza, kila nyumba ifyekewe miwa hatua kumi kuizunguka. Hilo lilileta kelele kijiji kizima. Ungedhani amewaambia watu wachinje watoto. La pili lilikuwa chuma cha gurudumu la trekta, alichokitundika kwenye mti wa uwanja wa shule kiwe kengele. Na hapa lazima niseme jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi liandikwe. Miwa iliyoungua ilivunwa haraka, maana ikilala inaharibika. Kwa hiyo mtu aliyechoka kungojea zamu yake ya kuvuniwa, kwa bahati mbaya sana, kiberiti kilikuwa kinaweza kumponyoka mkononi. Ndiyo sababu watu wakiona moshi walisema tu, "Huyo amechoka kungoja," wakaendelea na palizi. Liguru akaamua: chuma kikigongwa polepole, ni miwa tu inaungua. Kikigongwa haraka bila kupumzika, kuna watu hatarini, na asiulize mtu moto ni wa nani.

La tatu lilikuwa orodha. Nilichukua daftari la mazoezi, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: Wasioweza kukimbia. Kisha tukazunguka boma kwa boma, yeye akisukuma baiskeli, mimi nyuma na kalamu. Kila asiyeweza kukimbia aliandikiwa watu wawili wa kumbeba, kwa majina, ili pasiwe tena na kudhania. Tuliandika wazee, waja wazito, na fundi mmoja aliyevunjika mguu. Nyanya mmoja alikasirika kuandikwa, akapandisha leso, akatimua mbio hadi ghalani na kurudi, akihema. Liguru akaniamuru nimfute, nikamfuta.

Tulipofika kwetu, mambo yakakwama. Liguru alitazama boma letu, akamtazama mama mkwe aliyekuwa mwembamba wa kupeperushwa na upepo, akanigeukia.

"Hapa mwenye nguvu ni wewe, bibi yetu. Jiandike."

Niliweka kalamu chini. Baba mkwe alikuwa kitini mwake barazani. Akapiga fimbo sakafuni.

"Hapana," akasema, na neno lilitoka wazi kuliko yote niliyoyasikia tangu augue. "Niungue."

"Na ataungua kweli," mama mkwe akasema. "Ni mkaidi."

Liguru akakuna kichwa. Wanaume wengine wa karibu walikuwa wawili tu: jirani yetu na mwanawe, waliokuwa ng'ambo ya mkonge wa mpaka. Shida ni kwamba jirani huyo na baba mkwe hawakuwa wamesalimiana miaka mingi, kwa ajili ya mistari miwili ya miwa ambayo kila mmoja aliapa ni yake. Liguru alilitaja jina lake kwa sauti ya chini kabisa. Baba mkwe akageuza uso, akatazama upande wa choo kwa muda mrefu.

"Aandikwe," akasema hatimaye.

Nikaandika. Kati ya mke wa mtoto na adui, mzee alikuwa amechagua adui. Nilipumua kwa nafuu, nisifiche, na papo hapo nikaumia kidogo moyoni, sijui kwa nini.

Liguru alitengeneza machela kwa magunia mawili na miti miwili ya mkaratusi, akaitundika ukutani kwetu, nje ya mlango wa mzee. Akasema mmoja wa wabebaji akikosekana, mimi nishike upande mmoja. "Kushika mti si kushika mtu," akamweleza baba mkwe, naye akafikiri, akakubali kwa kidevu.

Jumapili baada ya kanisa tukafanya mazoezi. Baba mkwe alikataa katakata kulala kwenye machela. Alisema amewaona watu wakibebwa hivyo, na hakuna aliyerudi akitembea. Basi liguru akavua koti lake la mvua, akajilaza yeye mwenyewe kwenye magunia, tukambeba mbio hadi mtoni. Jirani na mwanawe walibeba mara ya kwanza, mimi na jirani mara ya pili. Liguru alirukaruka huko juu akitoa amri, pindeni kushoto, angalieni shimo, na watu wakacheka hadi wakakaa chini. Tukajiona hodari sana. Niliandika daftarini: mazoezi yamefaulu.

Mimi na mama mkwe tukafyeka zile hatua kumi. Nilifyeka kwa hasira, nikihesabu kila muwa ulioanguka, nikisema moyoni kwamba mzee mmoja mwenye baiskeli anatuharibia mali. Nyumba ya baba mkwe ilikuwa bado ya nyasi. Hakutaka mabati, alisema mvua ikinyesha yanampigia kelele.

Moto ulikuja Jumamosi, mwezi wa kwanza, jua likiwa utosini. Na Jumamosi kwetu ni siku ya mazishi. Siku hiyo kulikuwa na mazishi makubwa ng'ambo ya mto, na karibu kijiji chote kilikuwa kimekwenda, wanaume kwa wanawake, mama mkwe akiwa mmoja wao. Alikuwa amemlaza baba mkwe chumbani kwa sababu ya joto, akaniambia nikimsikia anakohoa sana nimwite jirani. Mimi mwandishi wa mpango mzima, niliyezunguka boma kwa boma na kalamu, sikuwa nimekumbuka Jumamosi.

Nilikuwa nachambua maharagwe niliposikia chuma. Kilikuwa kinagongwa haraka, bila kupumzika. Liguru alikuwa amebaki. Alijiwekea sharti kwamba kiangazi haendi popote. Nikainua macho, nikaona moshi upande wa barabara, mweusi chini na kahawia juu, na upepo ukiusukuma kuja kwetu. Kisha nikasikia miwa yenyewe ikipasuka kama mahindi kwenye kikaango.

Nilitungua machela, nikaitandika sebuleni kwa mzee. Magunia yalikataa kunyooka. Jirani akatokea kati ya mikonge, peke yake, shati limelowa. Alikuwa kando ya barabara akilinda miwa yake iliyokatwa, ikingoja trela. Mwanawe alikuwa mazishini.

"Tuko wawili tu," nikamwambia.

"Tunatosha," akasema, akaingia chumbani.

Nikasimama sebuleni, nimeshika miti ya machela kama nilivyofundishwa. Nikasikia kitanda kikilia, nikasikia jirani akihema, kisha kishindo, kisha kimya. Halafu akaniita.

"Bibi yetu, njoo ushike miguu. Simwezi peke yangu."

Hapo ndipo nilipouona ujinga wetu wote. Siku ya mazoezi liguru alijilaza mwenyewe. Alipanda kwenye magunia kwa miguu yake, akashuka kwa miguu yake. Hakuna hata mmoja kati yetu, wala mimi mwenye kalamu, aliyeuliza mtu asiyejiweza atafikaje kwenye machela bila kushikwa. Tulikuwa tumepanga safari yote ya hadi mtoni, tukasahau hatua nne za kutoka kitandani.

"Siwezi kuingia humo," nikasema.

"Basi niambie nimfanye nini," jirani akajibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiuliza kweli.

Moshi ulikuwa umeanza kuingia kwa juu, kati ya ukuta na nyasi. Nikamsikia baba mkwe akijitahidi na ulimi wake.

"Niacheni," akasema. "Nendeni."

Nilivua kandambili zangu mlangoni. Mpaka leo sijui kwa nini nilizivua, nyumba inataka kuungua na mimi nafanya adabu. Nikaingia. Alikuwa amelala sakafuni, nusu juu ya blanketi, jirani amemshika kwapani. Nikainama, nikaishika miguu ya baba mkwe wangu kwa mikono yangu miwili. Ilikuwa baridi katika joto lile, mmoja ukijaribu kutusaidia na mwingine umelala tu. Alifumba macho ili asinione, na mimi nikatazama ukuta ili nisimwone, tukamtoa hivyo.

Tulipotoka nje moto ulikuwa umefika mwisho wa miwa yetu. Kati yetu na ule moto kulikuwa na zile hatua kumi nilizozifyeka nikilaani, udongo mtupu. Moto ulisimama pale ukinguruma, ukikosa cha kushika, na sisi tukapata muda wa kuinua miti na kukimbia. Cheche zilikuwa zinapita juu yetu. Jirani alitangulia, mimi nyuma, uso wa baba mkwe ukiwa mbele yangu na macho yake sasa yamefunguka. Tulikohoa, tuliyumba, nilijikwaa mara mbili, lakini njia tuliijua kwa miguu, kwa sababu tuliwahi kuikimbia tukicheka. Hatukupumzika hadi kwenye nyasi mbichi za mtoni.

Nyumba ya nyasi tuliisikia ikianguka. Jirani alikuwa amekaa chini, ametazama upande wa barabara ambako alikuwa ameiacha miwa yake.

"Na ile yako?" nikamuuliza.

"Ile imekwenda," akasema. Akashuka mtoni, akachota maji kwa viganja, akamnywesha baba mkwe. Baba mkwe alipomaliza kunywa alimshika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mmoja, na hakumwachia. Wakakaa hivyo. Mimi nikalia kwa sauti, bila aibu yoyote.

Liguru akatokea na daftari, koti lake la mvua limetoboka kwa cheche. Akasimama akasoma majina yote ya wasioweza kukimbia, moja moja, kwa shida, ingawa mwandiko ulikuwa wangu, na kila jina likaitikiwa, la aliyeletwa mtoni na la aliyekuwa tayari ng'ambo mazishini. Waja wazito waliitikia. Fundi wa mguu akaitikia. Yule nyanya niliyemfuta akaja amejibebea godoro, akadai asomwe na yeye. Hakukosekana mtu. Nilimtazama yule mzee akifunga daftari, nikajua kwamba nilimdharau mtu aliyekuwa anatupenda kuliko tulivyojipenda. Nilimshukuru siku ile, nikamshukuru kila kiangazi kilichofuata, na sasa, ingawa alifariki zamani, bado namshukuru.

Watu waliporudi kutoka mazishini, swali lilikuwa mzee atalala wapi. Nyumba yangu ilikuwa imepona, lakini baba halali nyumba ya mke wa mtoto wake. Jirani akasema, "Si analala kwangu," kana kwamba ni jambo la kila wiki. Akalala kwake. Baadaye vijana wa kijiji walijenga nyumba nyingine, na kila shamba lililopona likamkatia jirani mbegu za kupanda upya. Ile mistari miwili ya mpakani iliungua yote, na sijasikia mtu akiitaja tena. Mpango nao niliuandika upya. Niliongeza kwamba Jumamosi nusu ya wanaume wabaki kijijini, kwamba mazoezi yafanywe na mgonjwa mwenyewe, na kwamba aulizwe mapema ni nani anayeruhusiwa kumshika. Liguru aliupeleka Kakamega, na afisa mmoja wa wilaya akamuuliza ni mtaalamu gani aliyeuandika. Akamjibu ni bibi yetu.

Lakini hayo yalikuja polepole. Siku ya nne baada ya moto, wazee wa ukoo walikuja wakakaa nyumbani kwa jirani, kando ya kitanda alicholalia baba mkwe. Mimi niliitwa nikakaa sakafuni karibu na mlango. Siku hizo nne nilikuwa nimepika peke yangu na kula peke yangu, kama mtu aliyevunja mwiko, na mama mkwe alikuwa ananipita bila kujua aseme nini. Mume wangu alikuwa amekuja, akasimama nje. Jambo la wazee halikuwa lake.

Wazee hawakuwa wabaya. Walisema nilifanya vizuri, na walisema pia nilimshika baba wa mume wangu katika chumba chake, na yote mawili ni kweli. Kwa hiyo nirudi kwa wazazi wangu kwanza, nikakae, na siku nitakayoletwa tena nije na ingokho, kuku wa kusafishia, na blanketi, boma lisafishwe. Nilijua maana yake. Mke asiye na mtoto akirudishwa kwao kwa muda, huo muda unaweza usiishe. Nilikuwa nimeona wawili wakienda, na niliona mmoja tu akirudi. Nilitazama mikono yangu, nikaogopa kuliko nilivyouogopa moto.

Baba mkwe akapiga ubao wa kitanda kwa kiganja. Wazee wakamgeukia. Ilimchukua muda kuukusanya ulimi, na hakuna aliyemsaidia neno.

"Moto ulipokuja," akasema, "niliwafikiria watoto wangu wote. Nikawatafuta kichwani, mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa karibu." Akapumzika. "Huyu aliingia."

"Tumekubali aliingia, mzee," mkubwa wao akasema. "Lakini ni mke wa mtoto."

"Ni mtoto wangu. Kitinda mimba." Akavuta pumzi. "Amezaliwa Jumamosi."

Mzee mmoja alianza kucheka kidogo, akajizuia, kisha nikaona si kicheko. Alikuwa anajifuta macho kwa kofia. Mama mkwe alikuwa amesimama na bakuli la uji, akilikoroga bila sababu. Akaja hadi mlangoni, akaniwekea bakuli mkononi.

"Mbona umekaa tu?" akaniambia. "Mlishe baba yako."

Nikainuka. Nikapita katikati ya wazee, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nikapuliza kijiko cha kwanza. Safari hii hakufumba macho. Alinitazama, akafungua mdomo.